Saa za Mazoezi Zitoke Wapi? Ulinganisho wa Njia kwa Mama Mwenye Familia Anayejiandaa kwa Mbio Ndefu

Mwanamke mwenye familia anayejiandaa kwa nusu marathoni, marathoni au triathloni (mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) huulizwa mara kwa mara anaupata wapi muda, na jibu la kweli ni kwamba kila saa anayoitumia mazoezini ilikuwa na mwenyewe kabla hajaichukua. Ilikuwa saa ya usingizi wake, ya kazi yake, ya mwenzi wake au ya watoto. Programu za mazoezi kwa kawaida hulinganishwa kwa kilomita za juma, idadi ya vipindi na kasi, na vigezo hivyo vinamfaa mtu ambaye siku yake ni mali yake mwenyewe. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, au mwenye mzazi mgonjwa wa kumtunza, kigezo cha kwanza ni kingine: saa hii inatoka kwa nani, na huyo anayetolewa saa atavumilia majuma mangapi kabla hajaanza kuidai?

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba wanawake hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa, ilhali wanaume hutumia saa 1 na dakika 23. Tofauti hiyo, ikijumlishwa kwa juma zima, inapita saa 21, ambazo ni nyingi kuliko saa anazohitaji mtu wa kawaida kujiandaa hata kwa triathloni ndefu kabisa. Ndiyo maana ushauri wa kwamba mwanamke ajipangie ratiba vizuri huniudhi kidogo. Ratiba nzuri hupanga saa ambazo mtu anazo, na haiwezi kumrudishia zile ambazo zimekwisha kugawiwa wengine.

Lengo ndilo linalopanga gharama

Kabla ya kulinganisha nyakati, ni vyema kulinganisha malengo, kwa kuwa mbio hazitozi gharama sawa. Mbio za kilomita 10 zinaweza kuandaliwa kwa vipindi vitatu vya dakika 40, yaani saa 2 kwa juma. Nusu marathoni, yenye kilomita 21.1, huhitaji saa 3 hadi 5. Marathoni ya kilomita 42.195 huhitaji saa 5 hadi 8 katika majuma mazito, na triathloni ndefu, ambayo ina kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia marathoni nzima, mara nyingi hudai saa 10 hadi 15. Haya ni makadirio ya mtu anayekusudia kumaliza akiwa mzima, wala si ya mwenye kuwania ushindi.

Hata hivyo, jumla ya saa haielezi mzigo wote, kwa sababu saa 5 zilizokatwa vipande vya dakika 45 ni tofauti sana na saa 5 ambamo tatu na nusu zimeshikana. Mkimbiaji anayetumia dakika 7 kwa kilomita moja atakuwa barabarani saa 3 na nusu ili akamilishe kilomita 30, na akirudi bado kuna kuoga, kula na nusu saa ambayo miguu haikubali kupanda ngazi. Hapo ndipo nusu marathoni na marathoni zinapoachana kwa upande wa familia. Maandalizi ya nusu marathoni yanaweza kupenyezwa katika pembe za juma bila mtu yeyote nyumbani kulazimika kubadili utaratibu wake, ilhali ya marathoni yataonekana tu, na kila mtu atayagharimia kwa namna fulani kwa miezi mitatu au minne. Mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili na asiye na msaidizi wa uhakika, kwa maoni yangu, hapotezi heshima yoyote kwa kuchagua nusu marathoni mbili kwa mwaka badala ya marathoni moja.

Alfajiri au usiku

Alfajiri ndiyo inayopendekezwa na karibu kila mtu, na sababu yake inaeleweka. Saa 11:00 alfajiri hakuna mkutano, hakuna simu kutoka shuleni, wala hakuna anayeuliza soksi ziko wapi. Kipindi kilichomalizika kabla nyumba haijaamka hakiwezi kufutwa na jambo lolote la mchana. Wanawake wanaodumu katika utaratibu huu huwa wameushughulikia usiku uliotangulia: nguo zimewekwa sebuleni ili mlango wa kabati usilie chumbani, saa ya mkononi imetegwa itetemeke bila mlio, viatu viko karibu na mlango kamba zikiwa zimekwisha kulegezwa, na kitasa kinazungushwa polepole hadi ulimi wa kufuli uingie kimya. Tahadhari hizo zinaweza kuonekana za kuchekesha, lakini mtoto wa miaka miwili akiamka saa 11:10, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha kabla ya kuanza.

Gharama ya alfajiri hulipwa na usingizi. Mwanamke anayeamka dakika 75 mapema mara nne kwa juma, bila kubadilisha saa yake ya kwenda kulala, amejipunguzia usingizi wa saa 5. Watu wazima hushauriwa kulala angalau saa 7 kila usiku, na mwenye kufanya mazoezi mazito anahitaji zaidi kuliko asiyefanya, kwa maana misuli hujirekebisha na kuimarika mtu anapopumzika. Kwa hiyo alfajiri ni ya bei nafuu kwa yule tu anayeweza kuwa kitandani saa 3:00 usiku. Mama ambaye saa 4:30 usiku bado anapiga pasi sare za shule na kujibu barua pepe za kazini anaazima saa ambazo atazilipa kwa mafua yasiyoisha, maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu, au hasira za haraka mezani.

Usiku, baada ya watoto kulala, una sifa mbaya kuliko unavyostahili. Ni kweli kwamba uchovu wa siku nzima hushusha kasi, kwamba mazoezi makali yanayomalizika muda mfupi kabla ya kulala huwachelewesha baadhi ya watu kupata usingizi, na kwamba saa hiyo mara nyingi ndiyo pekee ambayo wenzi wawili huketi pamoja. Lakini kwa mama ambaye mtoto wake bado huamka usiku, naona usiku una nafuu kuliko alfajiri, kinyume na ushauri uliozoeleka. Mtoto akiamka saa 8:00 usiku na kulala tena saa 9:15, usingizi wa kuanzia hapo hadi asubuhi ndio pekee uliobaki wa kumrudishia mama nguvu, na kuukata saa 11:00 ili akimbie kilomita 8 ni kubomoa mahali anapodhani anajenga. Dakika 40 za mwendo wa taratibu saa 2:30 usiku, au za kukanyaga baiskeli ya mazoezi ndani ya nyumba, hazigusi usingizi huo.

Nyakati zote mbili zina giza, na giza lina gharama ambayo mwanaume mkimbiaji huenda asiifikirie. Njia yenye taa na watu, mavazi yanayorudisha mwanga, sikio moja lisilozibwa na muziki, na mtu mmoja anayejua njia iliyochaguliwa na saa ya kurejea ni mambo ya lazima. Ikiwa mazingira hayaruhusu hayo, basi alfajiri na usiku vyote viondolewe katika hesabu ya mazoezi ya nje, hata kama ratiba inavutia kiasi gani.

Mchana wa kazi

Saa ya mapumziko ya mchana huwafaa wachache: wenye bafu kazini, mwajiri asiyehesabu dakika, na kazi isiyowalazimisha kuonekana nadhifu mbele ya wateja muda mfupi baadaye. Anayeweza kuitumia hupata dakika 30 hadi 35 za kukimbia zenye mwanga, ambazo haziwapunguzii watoto chochote. Mama anayeshinda nyumbani naye anaweza kutumia saa ambazo watoto wako shuleni, mradi afanye mazoezi kwanza na kazi za nyumbani baadaye, kwa sababu akianza na kazi hizo hazitaisha.

Njia inayosahauliwa ni kukimbia au kuendesha baiskeli kwenda au kutoka kazini. Kama safari ya kawaida ya kwenda kazini huchukua dakika 40 na kuikimbia huchukua dakika 55, mazoezi hayo ya dakika 55 yamegharimu dakika 15 tu za siku. Sijaona badilishano lenye nafuu zaidi ya hilo. Linahitaji umbali wa wastani, begi dogo la mgongoni linalofungwa kifuani lisirukeruke, nguo za kubadilisha zilizopelekwa kazini mapema, na njia salama. Linaharibiwa na jambo moja: ikiwa mama ndiye pia anayewapeleka na kuwachukua watoto shuleni, safari yake haiko huru. Kubadilishana na mwenzi hata siku mbili kwa juma, huyu akipeleka na yule akichukua, hufungua nafasi mbili za mazoezi bila kuamka mapema zaidi.

Zamu ya mwishoni mwa juma

Kipindi kirefu hakina pa kujificha. Hakiingii katika mapumziko ya mchana, na anayetaka kukimaliza alfajiri ya siku ya kazi atalazimika kuamka saa 9:00 usiku. Kwa hiyo swali la marathoni, au la baiskeli ya saa nne, huishia katika asubuhi moja ya mwishoni mwa juma, na asubuhi hiyo inatoka kwa mwenzi na watoto. Hapa kuna namna mbili za kuipata, na ingawa kwa saa zinafanana, matokeo yake hayafanani hata kidogo.

Namna ya kwanza ni kuomba kila juma. Ijumaa jioni mama anauliza kama Jumapili anaweza kutoka, mwenzi anasema wataona, Jumamosi anapatikana mgeni au kazi ya dharura, na Jumapili inapita. Hata ruhusa ikitolewa, mwombaji hurudi mbio ili asimchoshe aliyemruhusu, na humlipa kwa kufanya kazi zote za alasiri akiwa hoi. Baada ya majuma sita ya maombi kama hayo, wengi huacha wakidhani wamekosa nidhamu.

Namna ya pili ni makubaliano yenye mwanzo na mwisho. Mama anasema, kwa mfano: "Kuanzia juma lijalo hadi tarehe ya mbio, Jumapili saa 12:00 hadi saa 4:00 asubuhi ni zangu, na Jumamosi saa hizohizo ni zako, uzitumie utakavyo." Maneno hayo yana nguvu kwa sababu kadhaa. Yana tarehe ya mwisho, na mtu huvumilia mzigo anaojua utashuka lini. Yanatoa saa sawa kwa upande wa pili, hata kama mwenzi atazitumia kulala. Na yanaondoa mjadala wa kila juma, ambao wenyewe huchosha kuliko kilomita. Yakiandikwa kwenye kalenda inayoonekana na wote, watoto wenye umri wa kuanzia miaka minne au mitano huyazoea kama walivyozoea siku za shule.

Kasoro moja huharibu makubaliano mengi, nalo ni makabidhiano nusu. Ikiwa mama ameandaa kifungua kinywa usiku, amepanga nguo za kila mtoto juu ya kiti, ameacha maelekezo ya ukurasa mzima, na akiwa kilomita ya 14 simu inaita kuulizwa chupa ya dawa ya kikohozi iko rafu gani, basi miguu yake iko barabarani na kichwa chake kiko nyumbani. Mwenzi anayeachiwa watoto anapaswa kuachiwa pia uamuzi wa nini kitaliwa, nani atavaa nini na kama nyumba itakuwa safi saa 4:00. Huenda nyumba isiwe safi. Mama anayeshindwa kuyakubali matokeo hayo afahamu kwamba zamu hii haitamfaa, na ni afadhali achague lengo lisilohitaji kipindi kirefu.

Mama asiye na mwenzi, au ambaye mwenzi wake yuko mbali, hulinganisha mambo mengine. Mama wawili wakimbiaji wanaweza kupokezana watoto, mmoja akikimbia Jumamosi na mwingine Jumapili, na mpango huu hudumu vizuri kwa sababu kila mmoja ana haja na mwenzake. Ndugu, bibi au shangazi ni msaada mkubwa, ila fadhila isiyo na kikomo hugeuka deni, kwa hiyo nao wapewe tarehe ya mwisho kama mwenzi angepewa. Njia ya tatu ni kuzunguka uwanja ambamo watoto wanacheza wakionekana. Mizunguko 25 ya mita 400 ni kilomita 10 kamili, na ingawa inachosha akili kuliko miguu, imewavusha wengi.

Mazoezi pamoja na watoto

Kigari cha kukimbilia chenye magurudumu matatu kina faida ya pekee: hakimnyang'anyi mtu saa yake. Mtoto hulala au hutazama mandhari, mama hukimbia, na mwenzi akiwepo hupumzika. Mipaka yake pia iko wazi. Wataalamu wengi wa watoto hushauri kisitumike kwa kukimbia kabla mtoto hajafikisha angalau miezi 6 na shingo yake kuwa imara, na kwa kawaida uvumilivu wa mtoto huisha kati ya dakika 40 na saa moja. Kusukuma kigari hubadilisha mkao na kupunguza mwendo, hivyo kinafaa kwa kipindi kimoja au viwili vya taratibu kwa juma, wala hakifai kwa mazoezi ya kasi. Mtoto akishafikia umri wa kuendesha baiskeli yake mwenyewe, anaweza kumfuata mama kwa kilomita kadhaa, na ndipo mama atakapogundua kwamba yeye ndiye anayefuata.

Mashine ya kukimbilia na baiskeli ya ndani zina faida ya kusimamishwa wakati wowote. Kati ya hizo mbili, baiskeli ni salama zaidi kwa nyumba yenye watoto wadogo, kwa sababu mkanda wa mashine ya kukimbilia unaweza kuunguza na kujeruhi vidole vya mtoto anayekaribia kwa nyuma. Anayeitumia aivae kamba ya usalama inayozima mashine, na akimaliza auondoe ufunguo wake.

Mchezo upi unadai nini

Kukimbia ndiko kunakotoa mazoezi mengi kwa dakika chache: viatu, mlango, barabara. Baiskeli hudai muda mrefu zaidi kwa manufaa yanayolingana, kwani kilomita 90 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni zaidi ya saa 3 na nusu, bila kuhesabu kujaza upepo na kurekebisha mnyororo. Kwa upande mwingine, haitwangi viungo, hivyo mtu huamka kesho yake akiweza kumbeba mtoto. Kuogelea kuna tatizo la bwawa: kipindi cha dakika 40 majini huweza kumla mtu saa moja na nusu akijumlisha safari, kubadili nguo na kukausha nywele, isipokuwa watoto wenyewe wana masomo ya kuogelea saa hizohizo, hapo kikawa cha bure. Triathloni fupi, yenye kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5, ina unyumbufu ambao marathoni haina, kwa sababu siku ambayo mtu hawezi kutoka nje anaweza kukanyaga baiskeli ndani, na hakuna kipindi kinachopita saa moja na nusu. Triathloni ndefu ni habari nyingine, na sioni njia ya kuiandaa bila familia nzima kuikubali kwa moyo.

Dakika chache kali au saa nyingi za taratibu

Swali hili lina majibu ya maabara, na yanatia moyo. Katika miaka ya 1980 mtafiti Robert Hickson na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu kwa majuma 10, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa juma, kisha wakapunguza mazoezi kwa majuma 15. Waliopunguziwa siku kutoka 6 hadi 4 au hata 2 walihifadhi uwezo wa mwili kutumia oksijeni, mradi ukali wa mazoezi ulibaki palepale. Waliopunguziwa muda hadi dakika 13 nao waliuhifadhi uwezo huo, ingawa ustahimilivu wao wa muda mrefu ulishuka. Waliopunguziwa ukali ndio walioporomoka.

Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, uliwalinganisha watu waliokanyaga baiskeli kwa dakika 45 za mwendo wa wastani na wengine waliotumia dakika 10 tu, ambamo mlikuwa na mbio tatu za nguvu zote za sekunde 20. Baada ya majuma 12 makundi yote mawili yalikuwa yameongeza uwezo wa kutumia oksijeni kwa kiasi kinachofanana. Inafaa kukumbuka kwamba washiriki walikuwa wanaume wasio na mazoea ya mazoezi, kwa hiyo mwanamke ambaye tayari anakimbia asitegemee kupanda kwa kiwango hichohicho.

Nikiyaweka matokeo hayo upande kwa upande, naona kila njia ina msimu wake. Katika majuma ambayo mtoto anaumwa, mitihani imekaribia au kazi imezidi, vipindi viwili vifupi vyenye kasi vinatosha kuzuia kuporomoka, na mama anaweza kuvifanya bila kujiona amerudi mwanzo. Katika miezi mitatu kabla ya mbio, hakuna sekunde 20 zinazoweza kuufundisha mguu kubeba mwili kwa saa nne, kwa hiyo kipindi kirefu hakikwepeki. Anayechagua njia ya mkato mwaka mzima kisha akajiandikisha kwa marathoni ataijua tofauti baada ya kilomita ya 30.

Baada ya kujifungua

Katika miezi ya mwanzo, ulinganisho wote ulio hapo juu hauna kazi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa tiba ya viungo nchini Uingereza unashauri kutokukimbia kabla ya miezi 3 tangu kujifungua, na kurudi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 kwa wale tu wasio na dalili kama kuvuja mkojo, hisia ya uzito ukeni au maumivu ya nyonga. Kutembea na mazoezi ya kukaza misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi hutangulia. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa, na kunyonyesha au kukamua kabla ya kutoka huondoa usumbufu wa kifua kizito.

Chakula ndicho kinachosahaulika zaidi. Mwanamke wa kilo 65 akikimbia kilomita 10 hutumia takriban kalori 650, na anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 300 hadi 500 za ziada kwa siku hata asipokimbia. Mama anayeruka mlo ili aokoe dakika 20 anajisogeza kwenye upungufu wa nishati ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi mwaka 2014 kuwa tatizo linalodhoofisha mifupa na kuvuruga hedhi na kinga ya mwili. Kati ya kukosa kipindi na kukosa mlo, akose kipindi.

Mifano ya mashujaa itumike kwa uangalifu. Paula Radcliffe wa Uingereza alishinda marathoni ya New York Novemba 2007, miezi kumi hivi baada ya kujifungua, lakini kabla ya hapo safari yake ya kurudi ilicheleweshwa na ufa katika mfupa wa sehemu ya chini ya mgongo. Peres Jepchirchir wa Kenya alikuwa tayari mama alipotwaa dhahabu ya Olimpiki ya marathoni mwaka 2021. Wote wawili mazoezi yalikuwa kazi yao, na kulala mchana kulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Jasmin Paris, daktari wa mifugo, anakaribia zaidi maisha ya wengi: Januari 2019 alishinda mbio za Spine za Uingereza, takriban kilomita 430, mbele ya wanaume wote, huku akikamua maziwa katika vituo kwa ajili ya mtoto wake wa miezi 14.

Ukipenda kuchagua leo

Mwenye mtoto anayeamka usiku achague nusu marathoni au triathloni fupi, vipindi viwili vya jioni na kimoja cha kigari, na aache alfajiri hadi mtoto alale usiku kucha. Mwenye watoto wa shule na safari ya kazini isiyozidi kilomita 10 aanze na hiyo safari kabla hajagusa usingizi wake. Anayeitaka marathoni kwa dhati asianze na programu, aanze na mazungumzo ya Jumapili, na kama baada ya mazungumzo hayo hakuna saa 4 zilizoshikana, aahirishe. Mpango wowote ujaribiwe kwa majuma manne kabla ya kulipia mbio, na ukifutwa zaidi ya mara moja kwa juma, saa zake zinatoka mahali pasipoweza kuzitoa.

Wakati wa kujiandikisha, isomwe pia kanuni ya kuahirisha nafasi kwa sababu ya ujauzito. Mwaka 2018 mkimbiaji Sophie Power alipigwa picha akimnyonyesha mwanawe wa miezi mitatu katikati ya mbio za UTMB, zenye kilomita 170 kuzunguka mlima Mont Blanc, na alieleza kwamba waandaaji waliruhusu kuahirisha kwa jeraha ila si kwa ujauzito. Tangu hapo mbio kadhaa kubwa, UTMB na marathoni ya Boston zikiwamo, zimeweka kanuni hiyo. Kati ya mbio mbili zenye umbali sawa na tarehe zinazokaribiana, iliyo na kanuni hiyo ndiyo ya kulipia.